Sheria Ndogo ya Kijiji Ikichakaa, Yarekebishwaje?



Katika vijiji vingi vya Tanzania iko karatasi moja ambayo watu wengi wanaijua kwa kuisikia tu. Imo ndani ya kabati la mtendaji wa kijiji, na pengine mchwa wameshaanza kuionja. Juu yake pameandikwa "Sheria Ndogo za Kijiji", halafu jina la kijiji na mwaka. Karatasi hiyo ndiyo inayosema ng'ombe wakiingia shambani mwenye ng'ombe afanywe nini. Ndiyo inayosema nani akate mti, nani asikate, na asiyekwenda kuchimba mtaro wa maji atozwe kiasi gani.

Watu huizungumza sana karatasi hiyo wanapogombana. Mmoja husema, "Sheria yenyewe ya zamani!" Mwingine hujibu, "Basi ndiyo hiyo hiyo, tufanyeje?" Kumbe cha kufanya kipo. Sheria ndogo ilitungwa na wanakijiji, na wanakijiji waweza kuirekebisha. Lakini kuna njia yake. Ukipita njia nyingine utapata karatasi nyingine tu, haitakuwa sheria.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho.

Mahindi ya mama mmoja

Tuseme katika kijiji kimoja sheria ndogo ilitungwa mwaka 1999. Kifungu cha 6 kinasema: mtu ambaye ng'ombe wake wataingia katika shamba la mwingine atatozwa faini ya shilingi 500 kwa kila ng'ombe. Mwaka ule wa 1999 hiyo ilikuwa fedha ya kuumiza. Leo je? Ng'ombe kumi wakiingia shambani usiku, mwenyewe atatoa shilingi 5,000 na kwenda zake. Ng'ombe hao kumi wameshiba. Mama mwenye shamba amepoteza, tuseme, madebe kumi na mawili ya mahindi. Kama debe lauzwa shilingi 12,000, basi amepoteza shilingi 144,000, na bado hajahesabu palizi.

Tena kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Zile shilingi 5,000 haendi nazo mama. Ile ni faini, na faini huingia katika mfuko wa kijiji. Anachohitaji mama huyu kinaitwa fidia. Fidia ni malipo anayopewa mtu aliyeharibiwa mali yake. Faini ni adhabu ya kuvunja sheria. Ni vitu viwili mbalimbali, na sheria ya mwaka 1999 katika mfano wetu ilitaja kimoja tu. Kwa hiyo hata ukipandisha faini mpaka shilingi 50,000, mama yule atarudi nyumbani mikono mitupu kama zamani. Ndiyo maana yafaa kwanza kujua kifungu kinakosa nini, kabla ya kupiga kelele kwamba kibadilishwe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda ofisi ya kijiji na kuomba kusoma. Wewe uliyehitimu kusoma na kuandika usikubali kusimuliwa. Mwambie mtendaji, "Ndugu Mtendaji, naomba kuona sheria ndogo zetu." Sheria za kijiji ni mali ya kijiji, si siri ya ofisi. Nakili kifungu chenyewe katika daftari lako, neno kwa neno, pamoja na namba yake na mwaka wake. Angalia pia kama ukurasa wa mwisho una sahihi na mhuri wa halmashauri ya wilaya. Kama mhuri huo haupo, bado ni pendekezo tu, halijawa sheria, na labda miaka yote hii mlikuwa mkitozana faini bila sheria.

Mamlaka haya yametoka wapi?

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa katika wilaya zetu. Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya kuandikisha vijiji. Halafu mwaka 1982 Bunge likatunga Sheria ya Serikali za Mitaa, yaani Mamlaka za Wilaya, Namba 7, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Sheria hiyo ya 1982, pamoja na marekebisho yake mengi, ndiyo inayoipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Sheria hiyo yasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wote wanaoishi kijijini wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Angalia vizuri: wote. Haisemi wenye nyumba, wala haisemi wanaume. Kijana anayeishi kwa baba yake yumo. Mjane yumo. Mfugaji anayeishi pembeni mwa kijiji yumo. Mkutano huo ndio mkubwa kuliko vyombo vyote vya kijiji katika mambo ya kijiji. Chini yake iko halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na wenyeviti wa vitongoji ni wajumbe wa halmashauri hiyo.

Kwa hiyo pendekezo lako halina haja ya kusafiri mbali ili lianze. Mwenyekiti wa kitongoji chako ni mjumbe. Mpelekee.

Usingoje "mengineyo"

Hapa watu wengi hukosea njia. Hunyamaza miezi mitatu, halafu siku ya mkutano mkuu, saa kumi jioni, jua limeinama, ajenda imefika "mengineyo", ndipo mtu husimama na kusema sheria ya ng'ombe ibadilishwe. Watu wamechoka, akina mama wanawaza kuni. Mwenyekiti anasema, "Tumelisikia, tutalifanyia kazi." Jambo limekufa pale pale.

Afadhali liandikwe mapema. Andika barua fupi kwa halmashauri ya kijiji kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Taja kifungu. Taja kasoro. Taja unachopendekeza. Waombe majirani watie sahihi zao, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Barua ya watu ishirini hubisha hodi kwa nguvu kuliko ya mtu mmoja. Baki na nakala, na mwombe mtendaji aandike juu ya nakala yako tarehe aliyopokea. Hiyo tarehe itakusaidia siku mtu atakaposema barua haikufika.

Barua yaweza kuwa hivi:

"Kifungu cha 6 cha Sheria Ndogo za mwaka 1999 kinataja faini ya shilingi 500 kwa ng'ombe. Kiwango hiki kimepitwa na wakati. Tena hakitaji fidia kwa mwenye shamba. Tunaomba halmashauri ya kijiji iandae marekebisho na kuyaleta kwenye mkutano mkuu."

Inatosha. Matusi na historia za ugomvi wa mwaka juzi ziache nyumbani.

Wafugaji nao wana neno

Sasa kuna kazi ambayo haikuandikwa popote katika sheria, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Kabla ya mkutano, nendeni mkakae na wale ambao sheria mpya itawabana.

Katika mfano wetu wakulima wanaweza kuwa wengi, na wafugaji wachache. Wakulima wakitaka wanaweza kunyosha mikono na kupitisha faini kubwa kwa nusu saa. Lakini waulize wafugaji kwa nini ng'ombe huingia mashambani, nao watakujibu, "Njia yetu ya kwenda lamboni mmeilima." Ukienda kutazama utakuta ni kweli. Njia ya mifugo iliyokuwa pana imebaki uchochoro katikati ya mahindi. Ng'ombe si mtu, hawezi kupita upande upande.

Jambo hili si la mchezo. Mwezi Desemba mwaka 2000 huko Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ugomvi wa namna hiyo huanzia katika mambo haya haya ya shamba, malisho na maji.

Lakini iko mifano mingine. Katika wilaya ya Kiteto vijiji vitatu, Orkitikiti, Lerug na Ngapapa, vilikubaliana kutumia malisho yao kwa pamoja. Wakachukua vipande vya majina yao wakaliita eneo hilo OLENGAPO. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaviruhusu vijiji kupatana hivyo juu ya ardhi wanayoitumia pamoja.

Kwa hiyo pendekezo la kijiji chetu cha mfano yafaa liwe na pande mbili. Upande mmoja, anayeingiza ng'ombe shambani atalipa faini, na atamlipa mwenye shamba fidia kwa kadiri ya hasara iliyopimwa na bwana shamba au bibi shamba. Upande wa pili, anayelima katika njia ya mifugo naye atalipa faini, na fidia hapati kwa mazao aliyoyapanda njiani. Sheria ya namna hii ni vigumu mtu kuikataa, maana kila mmoja ameona jirani yake naye anabanwa.

Yasiyoweza kuandikwa

Sheria ndogo ni mtoto wa sheria kubwa. Haiwezi kumpinga mzazi wake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza sheria yenye ubaguzi. Kwa hiyo kijiji hakiwezi kuandika kwamba watu wa kabila fulani watozwe zaidi, au kwamba wageni wasisikilizwe. Andikeni kosa, msiandike kabila.

Ibara hiyo hiyo yasema mtu asiadhibiwe kwa kitendo ambacho siku alipokitenda hakikuwa kosa, wala asipewe adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwapo siku ile. Maana yake ni kwamba ng'ombe walioingia shambani kabla ya sheria mpya kuanza, watahesabiwa kwa sheria ya zamani. Mama wa mfano wetu hatapata nafuu ya kifungu kipya kwa hasara ya mwaka jana. Inauma, lakini ndivyo ilivyo, na siku moja itakulinda hata wewe.

Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki yake ya kupata na kutumia ardhi. Basi mtu akileta pendekezo kwamba mjane akifiwa arudi kwao na shamba libaki kwa ukoo, halitafika popote. Na kiwango cha faini hakiwekwi kwa hasira. Sheria kubwa imeweka mpaka wake, na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya ataujua. Mwulizeni kabla, kuliko kurudishiwa karatasi baada ya miezi sita.

Siku ya mkutano

Halmashauri ya kijiji ikishaandaa rasimu, yaani maandishi ya mwanzo, inaitisha mkutano mkuu ili watu watoe maoni yao. Mkutano mkuu huitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, lakini kwa jambo hili usikubali lichomekwe katikati ya mambo kumi. Tangazo litaje wazi: marekebisho ya sheria ndogo. Libandikwe ofisini, shuleni, kwenye mashine ya kusaga. Nalo lisomwe kwa sauti, kwani wapo ambao bado wanajifunza.

Mkutanoni rasimu isomwe kifungu kwa kifungu, taratibu. Mwenyekiti asiseme tu, "Mmekubali?" na watu waitikie "Ndiyooo!" kama wanafunzi. Kila kifungu kisomwe, kiulizwe, kijadiliwe. Hapa ndipo kasoro hutokea hadharani. Mtu mmoja atauliza, "Na mbuzi je?" Kweli, rasimu imetaja ng'ombe tu. Basi iandikwe "mifugo". Mwingine atauliza nani atapima hasara ikiwa bwana shamba hayupo. Iandikwe. Mzee atauliza njia ya mifugo upana wake ni hatua ngapi na inaanzia mti gani. Hilo ni swali la thamani kubwa, maana sheria inayosema "njia ya mifugo" bila kusema iko wapi italeta kesi nyingine kumi.

Mtendaji ataandika muhtasari. Mwombeni, kwa adabu, ausome tena kabla watu hawajatawanyika, hasa zile tarakimu. Orodha ya waliohudhuria iandikwe, kila mtu na sahihi yake au dole gumba lake. Bila orodha hiyo wilayani watauliza: ni nani walioshauriwa?

Maandishi yenyewe yanakuwa mafupi. Hamna haja ya kuandika upya sheria yote. Inatosha kuandika: "Kifungu cha 6 kinafutwa, na mahali pake kinawekwa kifungu kifuatacho," halafu kifungu kipya. Ila kama sheria nzima imechakaa, ni heri kuifuta yote na kutunga nyingine, kuliko kuitia viraka mpaka nguo ya mwanzo isionekane.

Safari ya kwenda wilayani

Baada ya maoni ya mkutano mkuu, halmashauri ya kijiji inakaa na kuyapitisha marekebisho. Mwenyekiti na mtendaji wanatia sahihi na mhuri. Yanapitia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha yanakwenda wilayani. Huko mwanasheria huyasoma, na mwisho baraza la madiwani huyakubali au huyarudisha. Sheria ndogo ya kijiji inaanza kufanya kazi inapokubaliwa na halmashauri ya wilaya.

Kwa hiyo kati ya mkutano wenu na siku ile ya wilayani, sheria inayotumika ni ile ile ya zamani. Ni vibaya kuanza kutoza faini mpya kesho yake asubuhi ati kwa kuwa "wananchi wamekubali." Mtu aliyetozwa hivyo akienda mahakamani atashinda, na kijiji kitaona aibu.

Madiwani nao hukutana kila baada ya miezi mitatu, na karatasi hupenda kulala. Diwani wenu ni mtu wa kata yenu. Mwulizeni: "Mheshimiwa, marekebisho yetu yamefika wapi?" Ulizeni tena baada ya mwezi. Yakirudishwa, takeni sababu kwa maandishi, rekebisheni, na kama jambo lenyewe limegeuka, rudini tena kwa wananchi. Yakikubaliwa, linganisheni nakala iliyorudi na ile mliyoisoma mkutanoni. Neno moja likiongezwa njiani laweza kumwokoa mtu au kumfilisi.

Wako waliofanya

Mtu asiseme haya ni mambo ya vitabuni. Wilayani Babati, katika msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, vijiji vinane vinazunguka msitu wa hekta kama 9,000. Miaka ya mwanzo ya tisini serikali ilikusudia kuufanya msitu huo kuwa hifadhi ya serikali. Wanavijiji walipinga. Waliona msitu ni wao, nao wanaweza kuutunza. Mwaka 1994 walianza kuutunza wenyewe, kila kijiji na sehemu yake, na walinzi wao wenyewe.

Lakini walinzi wa kijiji wakimkamata mchoma mkaa kutoka nje, watamshika kwa nguvu gani? Makubaliano ya kijiji hayamfungi mgeni. Ndipo wakaandika sheria ndogo, wakazipeleka wilayani, na mwaka 1995 Halmashauri ya Wilaya ya Babati ikazikubali. Tangu hapo sheria ziliwafunga wote, mwenyeji na mgeni. Baadaye Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba kijiji kinaweza kuwa na hifadhi yake ya msitu. Kwa hiyo vijiji vya Babati vilitembea mbele, na sheria ya nchi ikaja nyuma yao.

Ikishapita

Sheria mpya ikirudi na mhuri wa wilaya, itolewe nakala. Moja ibaki ofisini, moja kwa kila mwenyekiti wa kitongoji, moja shuleni, moja apewe mkuu wa wafugaji. Isomwe katika mkutano mkuu unaofuata, pamoja na tarehe ya kuanza. Kila anayelipa faini apewe stakabadhi, na mapato ya faini yasomwe pamoja na mapato mengine ya kijiji. Asiyekubali kosa asitozwe kwa vitisho. Apelekwe mahakama ya mwanzo akasikilizwe.

Na kama wewe bado hujaiona ile karatasi ya zamani ya kijiji chako, ofisi hufunguliwa asubuhi. Nenda na daftari na kalamu.